Alama Mbili kwa Kipande Kimoja cha Barabara

Nimeambiwa kwamba ninyi vijana mlioingia katika kazi ya barabara mnaiogopa siku ya kujipima. Mnaambiana kwamba atakayejipa alama kubwa ataonekana mwenye kiburi, na atakayejipa alama ndogo atafukuzwa kwa ushahidi wake mwenyewe. Nilipouliza maneno hayo yalitoka wapi, kila mmoja alinielekeza kwa mwenzake, na wa mwisho akanielekeza kwa wa kwanza. Basi nimeketi kuandika. Nitasema niliyoyaona kwa macho yangu kwenye barabara za Kasongo, Wamaza na Kabambare. Pale ambapo sikuwapo, nitasema sikuwapo.

Kazi yangu ilikuwa ukaguzi. Barabara zetu za udongo ziligawanywa vipande, na kila kipande kilikuwa na kikosi cha watu wenye majembe, mabeleshi na mapanga, pamoja na kiongozi wao. Viongozi walikuwa chini ya wasimamizi, na wasimamizi walikuwa chini yangu. Kila mwaka, kabla ya mvua kubwa, kiongozi alijipima mwenyewe: mgongo wa barabara ukoje, mitaro ikoje, mikondo ya kutoa maji porini ikoje, mabomba ya saruji yapitayo chini ya barabara yako wazi au yameziba, na watu wanafika kazini au hawafiki. Msimamizi naye alimpima peke yake. Hakuna aliyeruhusiwa kuona alama za mwenzake mpaka siku ya kusomwa. Ngazi zilikuwa nne, kutoka juu kwenda chini: elite, vizuri sana, vizuri, na mediokre, yaani hafifu. Tulichanganya Kifaransa na Kiswahili bila aibu, msimamizi tukimwita Shefu na lori tukiliita kamyo, kwa kuwa kila mtu alielewa.

Hapo zamani alama zilisomwa ofisini. Utaratibu ule ulikuwa mbovu, na waliouweka walikuwa watu wasiopenda kuchafua viatu. Mtu akiketishwa kwenye kiti mbele ya meza hutetea jina lake. Mtu huyohuyo akisimamishwa mbele ya mtaro alioulima hutetea mtaro, na mtaro unaweza kuchunguzwa.

Nitawapa mfano wa Mzee Asumani, mtu wa mjini Kasongo, wa jamaa za Kiislamu walioishi pale tangu siku za babu za babu zao. Alilelewa akijua kwamba kujisifu mbele ya mkubwa ni utovu wa heshima. Mwaka wa kwanza wa kujipima alijipa mediokre kila mahali, na wakati huo kipande chake kilikuwa miongoni mwa vile ambako niliwapeleka wengine wakajifunze. Nikamwita.

"Mzee, umejipa mediokre kila mahali. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Bwana Inspekta. Mimi ni nani nijisifu mbele yako? Weye ndiye mwenye kusema."

"Msimamizi wako amekupa vizuri sana."

"Alhamdulillahi. Basi ile yake ndiyo ya kweli."

"Na hii yako?"

"Hii yangu ni adabu."

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana niliona kwamba swali letu ndilo lililokuwa na kasoro. Tulikuwa tukimuuliza mtu, "Wewe ni mzuri kiasi gani?" na mtu aliyelelewa vema hawezi kulijibu swali hilo. Nikambadilishia. "Mzee, ni wapi kwenye kipande chako ungemwambia dereva apite bila wasiwasi, na ni wapi ungemwambia apunguze mwendo?" Hapo Asumani alifunguka kama mwalimu mbele ya ubao. Alinitajia kila kona, kila mahali penye udongo laini, na kila mti ambao mizizi yake iliharibu ukingo. Tangu siku ile niliwafundisha wasimamizi wote kuuliza hivyo. Asiyeweza kujisifu anaweza kuonyesha, na mwenye kujisifu bure hukosa cha kuonyesha.

Hao wa pili pia tulikuwa nao. Upande wa Kabambare alikuwako kiongozi kijana aliyejipa elite kwa mahudhurio. Msimamizi wake, mama mmoja mwenye subira kubwa, alimuuliza mbele yangu:

"Elite kwa kufika kazini? Si ulikwenda Wamaza kwenye ndoa ya shemeji yako, ukakaa huko mpaka pombe ikaisha?"

"Ni kweli, Mama Shefu. Lakini roho yangu ilibaki hapa kazini."

"Haya. Roho yako nitaipa elite."

"Na miye?"

"Weye mediokre."

Kijana yule alijirekebisha, na miaka ya baadaye alikuwa mtu wa kutegemewa. Ninalisema hilo kwa sababu nilimkagua mwenyewe.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kalonda, mtu mkavu wa maneno, aliyekuwa akipita na ndoo ya maji kwenye ukaguzi wake wote. Watu walimcheka, wakidhani anakunywa sana. Yeye alikuwa akisimama katikati ya barabara, anamwaga maji taratibu juu ya mgongo wa barabara hiyo, kisha anangoja. Maji yakikimbilia mtaroni, anaendelea na safari. Yakikaa palepale yakifanya kidimbwi, anamwita kiongozi. Hakuuliza mtu yeyote habari za barabara. Alisema barabara haifi kwa mvua inayonyesha juu yake, inakufa kwa maji yanayobaki. Na kuhusu alama alinifundisha jambo moja ambalo nataka mlishike: pale ambapo mfanyakazi na msimamizi wanakubaliana, usiwe na haraka. Pale ambapo alama zao zinaachana sana, vaa viatu uende, kwa maana huko mmoja wao ameona kitu ambacho mwenzake hakukiona.

Niliyafuata maneno hayo kwa muda wote wa kazi yangu. Lakini mara moja nusura yapuuzwe na mtu apoteze kazi yake bila haki. Huyo mtu ni Mwamini.

Mwamini alikuwa mwanamke wa kabila la Wabangubangu, kiongozi wa kikosi kwenye barabara ya kutoka Wamaza kuja Kasongo. Sauti yake ilisikika kabla hajaonekana. Alifundishwa na Mzee Kalonda katika mafunzo ya mwisho ambayo mzee yule aliyatoa, na alipenda kuwakumbusha watu hilo. Mwaka ninaousema alijipa elite kila mahali, mstari kwa mstari, bila kupumua. Msimamizi wake, Bwana Salumu, alimpa mediokre kila mahali.

Kwa kanuni ya ofisi yetu, kiongozi aliyepata mediokre miaka miwili mfululizo aliondolewa, na kipande chake kilikabidhiwa jirani. Kwa Mwamini ule ulikuwa mwaka wa pili. Jirani alikuwa Bwana Ramazani, mtu mpole, ambaye kipande chake kilipewa elite na Salumu huyohuyo. Kilichobaki ni sahihi yangu.

Ili mwelewe kwa nini Salumu aliona alivyoona, kumbukeni uwanja wa nyumbani unavyotunzwa kwetu. Mama akiamka anafagia mpaka udongo mwekundu unang'aa. Jani moja likichipuka mbele ya mlango, mgeni anauliza kama kuna mgonjwa ndani. Uwanja mtupu ndio heshima ya nyumba. Salumu alianza kazi kwenye njia za mjini Kasongo, sokoni na mbele ya misikiti na makanisa, ambako kanuni hiyohiyo inafaa. Alipopandishwa cheo akaja nayo porini. Kwake barabara njema ilikuwa barabara iliyofagiwa kama uwanja, kuanzia mgongo wake, kingo zake, mpaka ndani ya mtaro: udongo mtupu, hakuna hata jani. Ramazani alimtii, na kipande chake kilipendeza macho. Mwamini alikataa. Kingo zake zilikuwa na nyasi, zimekatwa fupi lakini zimeachwa na mizizi yake.

Niliwakutanisha hapohapo barabarani, kama ilivyokuwa desturi yangu. Alama ziliposomwa, watu wa kikosi walianza kunung'unika.

"Tazama mwenyewe, Bwana Inspekta," Salumu alisema, akionyesha ukingo kwa kidole. "Hii ni kama uwanja wa nyumba iliyohamwa. Imebaki mbuzi tu."

"Mbuzi wakija watakuta kazi, Shefu," Mwamini akajibu. "Weye unapita hapa na pikipiki kama mutu anayefukuzwa na nyuki. Utaona nini? Unaona majani, basi. Mutaro hauuoni."

"Niheshimu, Mama."

"Ninakuheshimu sana. Ningekuwa sikuheshimu ningesema ile ingine."

"Sema."

"Shuka kwanza kwenye pikipiki."

Kikosi kikaangua kicheko, na Salumu, ambaye kweli alikuwa bado ameikalia pikipiki yake, akashuka kwa hasira. Niliwaambia wote wawili kwamba nimesikia vya kutosha na sasa nataka kuona. Tukatembea.

Mitaro ya Mwamini ilikuwa safi ndani, na chini yake palikuwa tambarare. Mikondo ya kutoa maji iligeuzwa porini kila mahali ambapo barabara iliteremka, ili maji yasipate nafasi ya kukusanyika na kupata nguvu. Nilimwaga maji juu ya mgongo wa barabara kama nilivyofundishwa, na yalikimbia. Mwamini alianza kutembea kifua mbele. Ndipo tukafika kijitoni, kwenye bomba la saruji. Nusu ya mdomo wake ilikuwa imejaa mchanga na matete.

"Mama Mwamini," nikamwambia, "hili nalo umelipa elite."

Akalitazama bomba, akanitazama mimi.

"Hili tulikuwa tunaliendea, Baba."

"Mlikuwa mnaliendea tangu lini?"

"Tangu... tulikuwa njiani."

Salumu alikunja mikono akatabasamu, na nikamwona anaanza kutembea kifua mbele kwa zamu yake. Nikamwambia asiwe na haraka. Mbele yangu palikuwa na alama mbili, na kila moja ilikuwa na ukweli ndani yake na uongo ndani yake. Mwamini aliiona kazi aliyoifanya, na kwa kuwa aliiona vizuri akajipa hata ile ambayo hakuifanya. Salumu aliiona kazi ambayo haikufanyika, na kwa sababu hiyo akakataa hata ile iliyofanyika. Vijana, katika miaka yote ya ukaguzi sikukutana na hitilafu nyingine iliyokuwa ya kawaida kuliko hiyo.

Lakini ningesema nini juu ya nyasi? Mimi niliamini kwamba mizizi hushika ukingo, na Mzee Kalonda aliamini hivyo. Salumu aliamini kinyume chake, naye alikuwa msimamizi halali. Kuamini kwangu hakukuwa kipimo. Kwa hiyo nikakataa kutia sahihi, nikawaambia wote wawili waseme kwa sauti, mbele ya kikosi, mbele ya Ramazani na mbele ya mzee wa kijiji, ambao niliwaita waje, kitakachotokea mvua kubwa ya kwanza itakaponyesha.

"Lori litazama hapa kwa Mwamini," Salumu akasema. "Maji yatakaa ndani ya haya majani yake, yatalainisha njia."

"Kwangu litapita," Mwamini akasema. "Litazama kule kwa Baba Ramazani, pale kwenye mteremko. Ukingo wake iko mutupu, utaanguka ndani ya mutaro, mutaro utajaa, maji itapanda juu ya njia."

"Mama, unanitakia mabaya?" Ramazani akauliza kwa upole.

"Ninakutakia majani, Baba."

Nikasema: atakayekosea atakubali, na aliyepatia nitamtilia sahihi. Bomba la kijitoni lizibuliwe mara moja, na hilo halina mjadala. Mwamini na watu wake waliingia majini siku ileile, na sikusikia wimbo wala mzaha kutoka kwao mpaka mdomo wa bomba ulipokuwa wazi.

Salumu alinijia pembeni baadaye. Hakuwa mtu mbaya. "Mukubwa," aliniambia, "kama nikikosea, watu watasema nilimwonea mwanamke." Nikamjibu kwamba watu watasema watakavyosema, na kwamba mimi nitaandika nitakachokiona.

Mvua ilikuja jinsi inavyokuja huku kwetu, ikapiga kama inataka kuing'oa nchi. Asubuhi ilipokatika, niliwakuta Salumu na Mwamini wote wawili wamefika kabla yangu, kila mmoja upande wake wa barabara, hawasemeshani. Miti ya kuzuia magari ilikuwa bado imelala njiani kufuata kanuni, maana lori halipiti mpaka udongo ukauke. Nyuma ya mti wa upande wa Wamaza lilisimama lori moja lililojaa mchele, limefunikwa turubai, na juu ya magunia walikaa abiria wakila mihogo ya kuchemsha. Jua lilipopanda na saa iliyowekwa kutimia, mlinzi aliunyanyua mti.

Lori likaingia kwenye kipande cha Mwamini.

Kikosi chake kilisimama ukingoni, majembe mabegani. Watu wa kijiji walikuja, na walimu wa shule ya misheni, na waendesha baiskeli wa kuuza mafuta ya mawese. Lori lilipita likinguruma kwa utulivu, matairi yakiacha alama tu juu ya udongo uliokwisha kukauka. Kando yake mtaro ulikuwa bado unatiririsha maji ya usiku kuyapeleka porini. Lilipovuka kijito, bomba lilikuwa likitapika maji upande wa pili kwa nguvu. Mwamini alikuwa akitembea sambamba na gurudumu la nyuma, macho chini, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea.

Kisha likaingia kwa Ramazani. Kwa juu palionekana pakavu. Kwenye mteremko, kama ilivyotabiriwa, ukingo uliofagiwa ulikuwa umemwagika wote mtaroni, mtaro umejaa hadi kinywani, na maji yaliyokosa njia yalikuwa yamekesha juu ya barabara yakiilainisha kutoka ndani. Gurudumu la mbele likashuka, la nyuma likafuata, na dereva akazima injini akitukana kwa lugha ambayo sitaiandika.

Watu wote wakamgeukia Salumu. Wengine walianza kumcheka. Nilitaka kuwanyamazisha, lakini Mwamini alinitangulia.

"Mnacheka nini?" akafoka. "Kamyo iko ndani ya matope! Leteni mabeleshi!"

Kikosi chake kilishuka kwenye mteremko kama jeshi. Hawakuanza na gurudumu, jambo ambalo wajinga wote hulifanya. Walianza na maji: walichimba mkondo mmoja, wakachimba wa pili, wakayafungulia maji njia ya kwenda porini, na barabara ikaanza kupumua. Ramazani alikuwa wa kwanza kuingia matopeni pamoja nao, na watu wake wakamfuata. Salumu alisimama kidogo akiangalia. Kisha akavua koti lake la kazi, akalitundika kwenye usukani wa pikipiki, akachukua beleshi. Wakatandika mawe na matawi chini ya magurudumu, abiria wakashuka kusukuma, na dereva akawasha injini. Lori likatikisika, likateleza, likashika. Kelele zilizopigwa siku ile, vigelegele vya akina mama na baragumu la dereva, zilifika mpaka mashambani, maana watu walitoka huko wakikimbia kuuliza nani ameoa.

Nikawaita Salumu na Mwamini palepale, wamejaa matope mpaka magotini. Nikawaambia wajipime na kupimana upya, kila mmoja aseme kwa sauti.

Salumu alianza, na nitamheshimu daima kwa jinsi alivyoanza. "Mgongo, elite. Mitaro, elite. Mikondo, elite. Na yale majani," akageuka kuutazama ukingo wa Mwamini, "yale majani, elite. Bomba, vizuri. Siyo zaidi. Ulingoja mpaka ukaambiwa."

Watu walimtazama Mwamini, wakingoja alipuke.

"Mgongo, elite," akasema. "Mitaro, elite. Mikondo, elite. Bomba..." Akafuta uso kwa mkono wenye matope, akauchafua zaidi. "Bomba, vizuri. Shefu amesema kweli."

Alama mbili za kipande kimoja, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na umbali hata kidogo kati yao. Nilitia sahihi juu ya boneti ya lori, joto la injini likipita kwenye karatasi. Kipande kilibaki kwake. Ramazani, ambaye hakuna aliyemuuliza, alinyoosha mkono akasema yeye anajipa mediokre.

"Hapana, Baba," Mwamini akamwambia. "Mediokre ni ya ukingo. Weye njoo kesho na watu wako, nitawaonyesha kukata majani bila kuyang'oa."

"Na miye nije?" Salumu akauliza.

"Njoo, Shefu. Lakini kwa miguu."

Akaja kwa miguu. Niliwaona mwenyewe asubuhi iliyofuata, vikosi viwili na msimamizi wao, wameinama mstari mmoja ukingoni, na lori la pili likiwapita kwenda Kasongo bila kupunguza mwendo.